Chura wa madoa ya manjano: mwenyeji wa misitu ya Ruvuma anayefunikwa na kelele za wenzake

Kwenye ukingo wa kusini wa Mto Ruvuma, muda mfupi kabla mto haujaingia baharini, kipo kituo cha mpaka cha Namoto, katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Ng'ambo ya pili ni Kilambo, mkoani Mtwara, Tanzania. Watu wa kingo hizi mbili wameoana, wameuziana na kusikilizana kwa Kiswahili, Kimakonde, Kimakwe na Kimwani tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Anayelala karibu na mto wakati wa mvua anaijua pia lugha nyingine ya mahali hapo: kelele za vyura zinazoanza jua linapozama na kudumu hadi karibu na alfajiri.

Katika ukanda huu yumo chura mmoja wa mitini ambaye sayansi ilimfahamu kwa mara ya kwanza kutoka kwenye ghuba ya mto huu huu. Jina lake la kitaalamu ni Leptopelis flavomaculatus, na neno hilo la pili kwa Kilatini lina maana ya mwenye madoa ya manjano. Kielelezo chake cha kwanza kiliandikwa kuwa kimetoka Ghuba ya Ruvuma, na maelezo yake yakachapishwa London mwaka 1864.

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, unamweka chura huyu katika kundi la viumbe wenye wasiwasi mdogo wa kutoweka. Kwa spishi nzima, inayopatikana kuanzia pwani ya Kenya hadi mpaka wa mashariki wa Zimbabwe, kauli hiyo ina msingi. Kwa vipande vya misitu vilivyobaki baina ya Namoto na Palma, haielezi mengi. Kelele za usiku nazo hazielezi mengi, kwa sababu wanaozipiga kwa wingi ni vyura wa aina nyingine, wanaoweza kuishi mahali ambapo msitu umekwisha.

Rangi mbili za mnyama mmoja

Chura wa madoa ya manjano si mdogo. Dume hufikia urefu wa takriban sentimita 4.5 hadi 5 kutoka puani hadi mwisho wa kiwiliwili, na jike huweza kukaribia sentimita 7, yaani karibu upana wa kiganja cha mtu mzima. Kichwa chake ni kipana, macho ni makubwa na yametokeza, na mboni ya jicho imesimama wima kama ya paka. Mboni hiyo ni alama nzuri ya kumtofautisha na vyura wadogo wa matetini, ambao mboni zao hulala mlalo.

Kinachowachanganya wengi ni rangi. Chura huyu huvaa mavazi mawili. Wachanga, pamoja na baadhi ya madume waliokomaa, ni wa kijani kibichi chenye madoa ya manjano yaliyotawanyika mgongoni, na hao ndio waliompa jina. Wakubwa wengi, hasa majike, ni wa rangi ya udongo au kijivu, na mgongoni wana alama nyeusi ya pembetatu ambayo ncha yake imeelekea mbele, upande wa macho. Mtu akiwekewa chura wa kijani na chura wa udongo pamoja, ni rahisi aape kwamba hao ni wanyama wawili wasiohusiana. Hata wataalamu waliwahi kutatizwa na jambo hili katika jenasi nzima ya Leptopelis, yenye spishi zaidi ya 50, zote za Afrika kusini mwa Sahara. Vitabu vya zamani vimejaa majina yaliyotolewa na baadaye kufutwa kwa sababu mtu alidhani rangi mpya ni spishi mpya.

Jamaa yake wa karibu katika Msumbiji, Leptopelis mossambicus, naye ni wa rangi ya udongo, lakini alama yake ya mgongoni hufanana zaidi na kwato ya farasi kuliko pembetatu. Huyo alipewa jina mwaka 1985 tu. Kwa anayetazama kwa tochi, usiku, mvua ikinyesha, tofauti ya pembetatu na kwato inaweza kuwa ndiyo pekee itakayomsaidia.

Vidole vya chura huyu vina vibapa vya duara kwenye ncha. Watu husema vina gundi, ingawa kazi yake ni ya ustadi zaidi kuliko gundi. Ngozi ya chini ya kibapa imeundwa kwa chembe ndogo mno zenye pande sita, zilizopangwa kama masega ya nyuki, na kati yake hupita mifereji ya ute. Ute huo hutandaza utando mwembamba wa majimaji baina ya kidole na jani. Utando ndio unaoshika, na chura hujibandua kwa kukunja kidole kuanzia pembeni. Kwa njia hiyo anaweza kupanda jani laini lililolowa, mahali ambapo panya angeteleza.

Kielelezo cha Ghuba ya Ruvuma

Mtu aliyehusika na safari ya chura huyu kwenda Ulaya ni John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland. Kirk alikuwa katika msafara wa Zambezi ulioongozwa na David Livingstone kati ya mwaka 1858 na 1864. Wareno walikuwa wameshika mdomo wa Zambezi, na Livingstone alitafuta njia nyingine ya maji ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita mikononi mwao. Ndiyo maana msafara ukaingia Ruvuma mwaka 1861, na tena mwaka 1862. Njia haikupatikana, kwani maji yalipungua, mchanga ukazuia chombo, na mara ya pili mawe yakawafungia mbele. Mto ambao leo mashua hulazimika kusubiri maji ili kuvuka kwenda Kilambo ulikuwa na tabia hiyo hiyo wakati ule.

Mikusanyo ya Kirk ilifika katika Makumbusho ya Uingereza, ambako Albert Günther, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa bingwa wa samaki, nyoka na vyura, aliipitia na kuitolea maelezo mwaka 1864. Humo akampa jina chura wa madoa ya manjano. Mwanzoni alimweka katika jenasi ya vyura wa matetini, na baadaye ndipo akahamishiwa Leptopelis. Kirk mwenyewe alirudi pwani hii mwaka 1866, safari hii Zanzibar, na ni katika ubalozi wake ndipo Sultani Barghash alipotia saini mwaka 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa. Wasomaji wengi wa historia ya pwani humkumbuka kwa hilo. Ni wachache wanaokumbuka vyura vyake.

Jambo hilo lina uzito zaidi ya kumbukumbu. Kwa kanuni za wataalamu wa wanyama, mahali kilipotoka kielelezo cha kwanza ndipo kipimo cha jina. Uchunguzi wa vinasaba vya vyura wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki umeonyesha mara kadhaa kwamba makundi yanayofanana kwa sura, lakini yaliyotenganishwa na mabonde makavu kwa maelfu ya miaka, yana tofauti kubwa ndani yake. Ikiwa siku moja chura huyu atagawanywa katika spishi mbili au zaidi, jina la flavomaculatus litabaki na wale wa Ruvuma, na wengine watatafutiwa majina mapya. Kwa hiyo chura wa Arabuko-Sokoke au wa Usambara hawezi kusimama badala ya chura wa Ruvuma katika swali hilo, hata akiwa na afya njema kiasi gani.

Makazi: kivuli, majani makavu na udongo wenye unyevu

Chura huyu ni wa msitu. Hupatikana katika misitu ya nyanda za chini na ya miteremko ya milima, karibu na vijito na madimbwi: Arabuko-Sokoke na Milima ya Shimba nchini Kenya, Usambara na Uluguru nchini Tanzania, kisha Msumbiji, kusini mwa Malawi, na pembe ya mashariki ya Zimbabwe.

Upande wa Namoto, ardhi haimpi msitu mmoja mkubwa. Penye maji ya chumvi kuna mikoko. Nyuma yake ni bonde la mafuriko lenye mashamba ya mpunga, matete na madimbwi ya msimu. Juu zaidi, kwenye mchanga mwekundu na mweupe, kuna minazi, mikorosho, mihogo na mibuyu, na katikati ya hayo yote vipande vya msitu mkavu wa pwani na vichaka vizito visivyopitika bila panga. Msitu mkavu wa pwani haufanani na msitu wa mvua wa Kongo. Mingi ya miti yake hupukutisha majani wakati wa kusi, na mgeni anayepita mwezi wa Septemba anaweza kuudhania kuwa ni pori lililokufa. Mvua zikianza, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, hubadilika kwa siku chache. Tofauti na Mombasa au Tanga, ukanda huu una msimu mmoja tu wa mvua unaofika hadi Aprili. Chura asiyeweza kuzaa katika miezi hiyo hana nafasi ya pili mwaka huo.

Mchana, chura wa madoa ya manjano hujibana kwenye majani, chini ya gome au mahali pengine penye kivuli. Usiku hutoka kuwinda wadudu. Dume huita kutoka kwenye matawi, kwa sauti fupi na nzito, na kama walivyo Leptopelis wengi, huacha kimya kirefu kati ya mlio mmoja na mwingine. Si mwimbaji wa kwaya. Katika usiku ambao vyura wa matetini wanalia kwa mamia, mlio wake humezwa kabisa, na mara nyingi wenye mazoea tu ndio huutambua.

Uzazi wake ndio unaoeleza kwa nini anauhitaji msitu. Vyura wengi hutaga mayai majini. Majike wa jenasi hii hutaga mayai makubwa, yenye kiini kingi, ndani ya udongo wenye unyevu karibu na maji, wakayafukia. Humo mayai hukua bila kuonekana. Mvua kubwa inapolowesha udongo, viluwiluwi vyenye mikia mirefu hutoka na kujipinda kama mikunga hadi kwenye dimbwi au kijito, ambako huendelea kukua mpaka viote miguu.

Kwa hiyo kizazi kimoja kinahitaji mambo matatu yakae pamoja, kwa hatua chache tu baina yake: mti wa kuitia, udongo wenye kivuli usiokauka, na maji yasiyokauka mapema. Dimbwi likibaki lakini kivuli kikaondoka, jua la Januari hukausha udongo na mayai hufia humo. Shamba la mpunga lina maji tele, ila halina udongo wa aina hiyo.

Maadui wake wa asili, nyoka na ndege wa usiku, ni sehemu ya maisha ya kila chura, na hakuna sababu ya kuwahofia.

Anayesikika si lazima awe yeye

Njia rahisi ya kuielewa hali ya chura huyu ni kumlinganisha na jirani yake, chura mkubwa wa kijivu anayejenga kiota cha povu, Chiromantis xerampelina. Huyu alielezwa mwaka 1854 na Wilhelm Peters, Mjerumani aliyezunguka Msumbiji kati ya mwaka 1842 na 1848. Wakazi wa vijijini humjua vizuri, kwa kuwa hukaa hata kwenye kuta, kwenye mapaa na karibu na matangi ya maji.

Chura wa povu ameumbwa kwa ajili ya ukame. Ngozi yake haipitishi maji kirahisi kama ya vyura wengine. Mkojo wake hautoki kama maji bali kama uchafu mzito unaofanana na wa ndege na mijusi, na hivyo huokoa unyevu mwilini. Juani ngozi hubadilika kuwa karibu nyeupe, na hurudisha nuru badala ya kuinywa. Wakati wa kuzaa, jike hukaa kwenye tawi lililoinama juu ya dimbwi, hutoa ute na kuuchapa kwa miguu ya nyuma mpaka uumuke kuwa povu jeupe, huku madume kadhaa wakimzunguka. Tabaka la nje la povu hukauka na kuwa gamba, ndani hubaki unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka majini. Tawi moja juu ya lambo la ng'ombe linamtosha.

Chura wa madoa ya manjano hana kinga hizo. Ngozi yake ni nyembamba, hunywa na kupoteza maji kupitia humo humo, na mayai yake yanategemea udongo. Wote wawili wanaitwa vyura wa mitini, wote wana vibapa vya vidole, na wote wanaweza kuonekana katika wilaya ya Palma. Msitu ukifyekwa, mmoja atabaki na mwingine ataondoka.

Waswahili husema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika suala hili, kelele zina hatari ya namna nyingine: mtu anaposikia bonde zima likilia usiku, huona hakuna kilichopotea. Vyura wa matetini, vyura wa mabwawani na vyura wa povu wanaweza kuongezeka pale mashamba na mabwawa yanapoongezeka. Hesabu ya sauti inapanda wakati hesabu ya aina inashuka. Tathmini yoyote ya mazingira inayoandika tu kwamba vyura walisikika kwa wingi haijajibu swali linalohusu misitu.

Msitu uliopungua kabla ya vita

Mwaka 2008 na 2009, wataalamu wa mimea kutoka Uingereza, Ufaransa na Msumbiji walizunguka misitu mikavu ya pwani ya Cabo Delgado. Walikadiria kwamba misitu hiyo hapo awali ilienea kwenye takriban kilomita za mraba 6,000, na kwamba zilikuwa zimebaki karibu 1,200 tu, kwa sababu kuu ya kufyeka mashamba. Theluthi moja hivi ya hizo ndiyo iliyohesabiwa kuwa bado katika hali nzuri kiasi. Walikusanya pia makumi ya mimea ambayo haikuwahi kuelezwa kitaalamu, na wakaona kwamba kipande kimoja cha msitu hakifanani na kingine kilicho jirani nacho. Kupotea kwa kipande kimoja, basi, si sawa na kupunguza tu eneo. Huenda ni kupoteza vitu visivyokuwepo kwingine.

Kukata miti ya thamani, mpingo, mkongo na mninga, kumeendelea kwa miongo mingi. Mkataji huyo huchagua, na msitu aliopita huweza kubaki na kivuli chake kwa sehemu. Mkaa na mashamba hayachagui.

Kisha ikaja gesi. Kuanzia mwaka 2010, gesi nyingi iligunduliwa katika bonde la Ruvuma chini ya bahari, na eneo la takriban hekta 7,000 likatengwa katika rasi ya Afungi, kusini mwa mji wa Palma, kwa ajili ya viwanda vya kuisindika. Familia zilihamishwa na kujengewa kijiji kipya cha Quitunda. Barabara, kambi na matumaini ya ajira vilivuta watu, na watu walihitaji fito, kuni na mashamba mapya.

Oktoba 2017 wapiganaji wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vikaenea. Tarehe 24 Machi 2021 waliingia Palma. Maelfu walikimbia kwa miguu, kwa boti na kwa ndege, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa Afungi. Majeshi ya Rwanda na ya jumuiya ya kusini mwa Afrika, SADC, yalifika mwaka huo huo, na kadiri usalama ulivyorejea katika baadhi ya maeneo, wakazi walianza kurudi.

Ni vigumu kuandika kuhusu chura baada ya aya kama hiyo, na hakuna mtu mwenye busara atakayeweka uhai wa chura kwenye mizani dhidi ya mtu aliyepoteza nyumba. Hata hivyo mambo haya mawili yanakutana katika ardhi ile ile. Vita vimewazuia watafiti kufika, kwa hiyo msitu unaweza kupungua bila kuandikwa popote. Mahali ambapo watu walikimbia, mashamba yameota vichaka. Mahali walipokusanyika, karibu na miji na kambi, miti imeisha upesi. Na wanaorudi wanahitaji kujenga mara moja, kabla ya mvua, kwa kutumia mbao na fito za karibu. Kimbunga Kenneth, kilichopiga pwani ya Cabo Delgado Aprili 2019, kilikuwa tayari kimeonyesha ukubwa wa mahitaji hayo.

Uhifadhi: kilichopo na kinachokosekana

Hifadhi kubwa ya jimbo hili, Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyoanzishwa mwaka 2002, iko mbali kusini na haigusi kingo za Ruvuma. Upande wa Tanzania, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, inalinda mikoko, matumbawe na maji ya mlango wa mto. Ina manufaa makubwa kwa samaki na kasa. Chura wa msituni haishi kwenye chumvi.

Kwa hiyo ulinzi wa chura huyu upande wa Namoto, ukiwapo, hautatokana na mipaka ya hifadhi. Utatokana na jinsi ardhi ya kawaida inavyotumika. Hapa Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 ina kipengele chenye maana: imeuweka ukanda wa hadi mita 100 kuzunguka chemchemi za maji katika maeneo ya ulinzi wa sehemu, ambayo hayatolewi kwa matumizi binafsi bila kibali maalumu. Ni mahali hapo hapo, kwenye chemchemi zenye miti, ndipo mti, udongo wa kivuli na maji vinapokutana. Sheria hiyo pia inatambua haki za ardhi za jamii kwa mila na desturi, hata pasipo hati. Vijiji vingi vya ukanda huu tangu zamani vimekuwa na vichaka visivyokatwa, vya makaburi au vya matambiko, na popote kichaka cha namna hiyo kinapopakana na maji, hufanya kazi ya hifadhi ndogo bila kuitwa hifadhi.

Wapo watakaouliza kama inafaa kuhangaikia chura ambaye dunia inamhesabu kuwa salama. Jibu moja linapatikana Tanzania, kwa chura wa Kihansi. Kiumbe huyo mdogo mno, anayezaa watoto walio hai badala ya kutaga, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi tu, katika Milima ya Udzungwa. Mwaka 2000 mtambo wa umeme ulianza kuchepusha maji, manyunyu yakakatika, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukafuata. Vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani kabla ya janga kukamilika. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na wazao wa wale 499 walianza kurudishwa bondeni mwaka 2012, baada ya mitambo ya kunyunyiza maji kujengwa. Kazi hiyo imegharimu fedha nyingi na miaka mingi, kwa mnyama ambaye makazi yake yangeweza kulindwa kwa kuacha maji kidogo yapite.

Chura wa madoa ya manjano hayuko karibu na hatua hiyo. Tofauti ni kwamba yeye hapotei kwa siku moja wala mahali pamoja. Hupungua kipande kwa kipande, na kila kipande kinapokwisha, takwimu ya dunia haitikisiki. Tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023 ilikuta kwamba takriban asilimia 41 ya spishi za amfibia duniani ziko hatarini, kiwango kikubwa kuliko cha ndege au mamalia, na upotevu wa makazi ukabaki kuwa tishio linalowagusa wengi zaidi. Ugonjwa wa kuvu umewaua wengi katika Amerika na Australia, na vimelea vyake vimo pia Afrika Mashariki, ingawa katika nyanda za joto za pwani hali ya hewa haivipendelei kama milimani.

Kwa sasa, kinachohitajika zaidi ni kumtambua. Chuo Kikuu cha Lúrio, chenye kampasi mjini Pemba, kimekuwa kikichunguza vyura na mijusi wa kaskazini mwa Msumbiji, na picha iliyopigwa vizuri kwa simu, ikiwa na tarehe na jina la mahali, ni ushahidi unaoweza kutumika. Picha ya kufaa inaonyesha mambo matatu: jicho kwa upande, ili mboni ya wima ionekane, mgongo mzima kutoka juu, ili pembetatu au madoa yaonekane, na vidole vya mbele. Hakuna haja ya kumshika. Akishikwa, mkono uwe umelowa na usiwe na chumvi, mafuta wala dawa ya mbu, kwa kuwa ngozi yake hunyonya chochote inachogusa.

Msimu wa kumtafuta ni Desemba hadi Aprili, saa mbili hadi saa sita usiku, baada ya mvua kubwa, kwenye miti iliyo hatua chache kutoka kwenye maji yaliyotulia. Anayetafuta hushauriwa asiende mahali kelele zinapotoka kwa wingi, bali arudi nyuma kidogo, hadi ukingoni mwa msitu, azime tochi na kusubiri mlio mmoja mzito, kisha kimya, kisha mwingine.